Pima Kwanza, Uliza, Kisha Andika Ulichokipata

Kila anayewasaidia wanaoanza elektroniki ameshakutana na swali hili: "Jamani, mota yangu haifanyi kazi, nisaidieni haraka." Hakuna picha wala mchoro. Haijulikani ni mota gani, inapata umeme kutoka wapi, wala "haifanyi kazi" maana yake nini: haizunguki kabisa, inazunguka kinyume, au inatoa moshi?

Nimekaa miaka mingi na watu wanaounda vidude vya elektroniki kwa kujifurahisha. Zamani nilikuwa muulizaji, siku hizi najibu zaidi kuliko ninavyouliza, na swali la namna hiyo bado linanifanya nishushe pumzi. Anayeuliza mara nyingi si mvivu. Hajui tu kwamba upande wa pili hakuna mtu anayelipwa kumsikiliza. Kuna mtu aliyetoka kazini, amepata nusu saa yake ya mapumziko, na ameamua kuitumia kwenye saketi ya mtu asiyemjua. Nusu saa hiyo ikiishia kwenye "unatumia betri gani?" na "hebu piga picha", imekwenda bure kwa wote wawili.

Tuchukue mota hiyohiyo. Tuseme una bodi ya Arduino Uno R3, yaani bodi ndogo inayoendesha programu unayoiandika, iliyochomekwa kwenye kompyuta kwa waya wa USB, na servo moja (mota inayogeuka kwa kufuata ishara ya bodi) inayopata umeme kwenye pini ya 5V ya bodi. Kila servo ikianza kuzunguka, programu inarudi mwanzo. Wengi hapa hukimbilia programu: wanafuta mstari huu, wanaongeza ule, usiku unakwisha. Weka programu pembeni kwanza. Chukua mita ya kupimia umeme, iweke kwenye volti za DC, ncha nyekundu kwenye 5V, nyeusi kwenye GND (upande wa hasi), kisha tazama namba servo inapoanza kuzunguka. Namba ikiporomoka, programu yako haina kosa, umeme ndio haukutoshi. Bodi ya Uno imewekewa ulinzi unaoisimamisha chipu inayoendesha programu volti zikishuka chini ya 2.7 hivi, na zikipanda tena inaanza upya. Njia yake ya USB nayo ina fyuzi inayobana mkondo kwenye miliampea 500. Servo inapoondoka kwenye kusimama huvuta mkondo mwingi kuliko inapokuwa tayari inazunguka bila mzigo, ndiyo maana balaa linatokea pale inapoanza.

Mita isipoonyesha kitu, usihitimishe haraka. Mita za kawaida husoma mara chache tu kwa sekunde, na mporomoko mfupi unaweza kupita bila kuonekana. Basi chomoa servo, acha programu ileile iendelee. Bodi haijiwashi upya tena? Ipe servo betri yake, uone inakuwaje. Hayo ni majaribio ya dakika chache, na kila moja linafunga mlango mmoja wa kubahatisha.

Sasa angalia swali linavyobadilika: "Ninatumia Uno kwa USB. Servo ikianza kuzunguka, bodi inajiwasha upya. Nikichomoa servo, tatizo linaondoka. Nimeipa servo betri yake, bodi imetulia, lakini servo inatetemeka ovyo. Hasi ya betri sijaiunganisha na GND ya bodi, sijui kama inatakiwa." Swali kama hilo linajibiwa kwa mstari mmoja: unganisha, kwa sababu bila hasi ya pamoja servo haina pa kulinganishia ishara inayoletewa. Na nadhani umeona kwamba muulizaji alishakaribia kujijibu mwenyewe. Mimi maswali mengi niliyoyaandika vizuri hivyo sikuyatuma kabisa, jibu lilijitokeza kabla sijamaliza sentensi ya mwisho.

Jambo jingine linalokula muda wa watu ni kuulizia dawa uliyojichagulia na kuficha ugonjwa. Mtu anauliza, "Nifanyeje pini ya bodi itoe mkondo mkubwa zaidi?" Watu wanabishana, majibu yanarefuka, baadaye sana ndipo inajulikana kwamba alitaka kuzungusha mota moja kwa moja kutoka kwenye pini. Angesema hivyo tangu mwanzo angeambiwa atumie transista kama swichi na dayodi ya kuilinda, basi. Chipu ya Uno, ATmega328P, kikomo chake kwa pini moja ni miliampea 40, na kwa matumizi ya kawaida ni busara kubaki kwenye 20. Hakuna ujanja wa programu utakaobadilisha hilo. Kwa hiyo sema unataka kufanikisha nini, ndipo useme umejaribu njia gani.

Namba hizo zimo kwenye karatasi ya data ya chipu, na hapa ndipo kujitegemea kunapoanza kuwa na maana. Karatasi hizo zinatisha. Ya ATmega328P ina mamia ya kurasa, na sijawahi kumwona mtu aliyeisoma yote kama hadithi. Anza na mchoro wa pini, nenda kwenye jedwali la vikomo, kisha tafuta saketi ya mfano kama ipo. Ukizoea kuchimba vitu hivyo vitatu, maswali yako yatapungua sana, na yatakayobaki yatakuwa matamu hata kwa wanaoyajibu.

Wanaojibu nao wana lao. "Kasome mwongozo" bila kutaja ukurasa si jibu, ni kumfukuza mtu kwa adabu kidogo. Upande mwingine wapo wenye huruma iliyopitiliza: wanamwandikia mgeni programu nzima, anaibandika, inafanya kazi, kesho anarudi na swali lilelile akiwa na mota nyingine. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku hizi mtu akileta tatizo bila vipimo, namwelekeza kipimo kimoja tu cha kufuata: "Pima hapa na hapa, uniambie umeona ngapi." Akirudi na namba, tunaendelea. Wasiorudi ni wengi, na sijutii.

Halafu kuna ile sentensi ninayoichukia kuliko zote: "Nimeshapata, asanteni." Umepata nini? Mwakani mtu mwingine mwenye tatizo hilohilo atayafuata mazungumzo yenu yote mpaka mwisho, akute shukrani bila jibu. Andika. Mistari minne inatosha: dalili ilikuwaje, kwa maneno ambayo mtu aliyekwama angeyatumia kutafuta; kilichosababisha; kipimo kilichothibitisha; ulichobadilisha. Ongeza na ulichojaribu kikashindikana, maana hicho ndicho kinachomwokolea mwenzako usiku mzima. Usingoje uwe bingwa. Aliyelielewa jambo jana mara nyingi analieleza vizuri kuliko mwenye uzoefu wa miaka ishirini, kwa kuwa bado anakumbuka alikwama wapi.

Mchezo huu umekua kwa njia hiyo. Machi 1975, wapenzi wa kompyuta walikutana kwenye gereji moja huko Menlo Park, California, na kuanzisha klabu iliyoitwa Homebrew Computer Club. Steve Wozniak, mwanachama wake aliyekuja kuwa mmoja wa waanzilishi wa Apple, aliigawia klabu hiyo michoro ya kompyuta iliyokuja kuitwa Apple I, bure, ili wengine wajiundie. Bodi ya Uno nayo michoro yake iko wazi kwa yeyote. Ile fyuzi ya miliampea 500 unaweza kuifuata mwenyewe kwenye mchoro, waya kwa waya, bila kumuuliza mtu, kwa sababu kuna aliyeamua kutoficha.

Kuna mahali ambapo sitakwambia upime kwanza. Umeme wa ukutani, betri ya lithiamu iliyovimba, na hasa oveni ya maikrowevu: kapasita yake hubeba volti zipatazo 2,000 na zaidi, na inaweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomolewa ukutani. Kwenye vitu hivyo uliza kabla hujafungua skrubu ya kwanza, hata kama swali lako halina picha wala kipimo. Na wenye uzoefu wakikwambia usiguse, usiguse.