Chapati 120 kwa siku: niache kazi mwisho wa mwezi?

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 31, ni katibu muhtasi katika kampuni moja hapa Dar es Salaam, mwaka wa sita sasa. Mshahara wangu ni 740,000, mkononi napata kama 620,000, na humo benki inakata 90,000 ya mkopo uliobakiza miezi minane. Tangu nafasi ya ofisa utawala apewe binti aliyenikuta kazini, kazi imenitoka moyoni kabisa.*

*Siku za kazi naamka saa tisa usiku. Mimi na dada wa nyumbani, tunayemlipa 120,000 kwa mwezi, tunapika chapati 120 na kuzipeleka kantini tatu kwa shilingi 400 moja. Natumia unga kilo 10 wa 20,000 na mafuta lita mbili za 12,000, nabaki na 16,000. Kwa siku 22 ni 352,000. Nikiacha kazi nikapika 240, nitapata 704,000, zaidi ya mshahara. Kantini moja ina deni langu la wiki tatu, lakini naamini watalipa. Bosi ameshanionya kwa kusinzia na kupokea oda kwa simu. Mume wangu anasema nimechanganyikiwa. Niache mwisho wa mwezi huu?*

*Mchovu, Tabata*

Marahaba, mwanangu. Hujachanganyikiwa, ila mwisho wa mwezi huu usiache.

Umenipa hesabu ya unga na mafuta. Hukutaja gesi, bodaboda, chumvi, sabuni, karatasi za kufungia, wala huyo dada anayeamka nawe saa tisa. Vyote hivyo vinalipwa kila siku, ila vinatoka kwenye mshahara wako, ndiyo maana huvioni. Kwa sasa ajira unayoichukia ndiyo inayoilisha biashara unayoipenda.

Tuviweke mezani. Chapati moja hukaa kwenye kikaango kama dakika tatu. Chapati 120 kwenye vikaango viwili ni saa tatu za moto, na majiko mawili kwa saa tatu yanaweza kula gesi kilo 1.2 hivi. Mtungi wa kilo 15 ukiujaza kwa 57,000, hiyo ni kama 4,500 kwa siku. Bodaboda wa kuzungukia kantini tatu nimemweka 4,000, na chumvi, sabuni na karatasi 1,000. Ile 16,000 imeshuka hadi 6,500. Dada nusu ya kazi yake sasa ni chapati, kwa hiyo nusu ya mshahara wake ni gharama ya biashara: 60,000 gawa kwa siku 22, kama 2,700. Zilizoungua, zilizochanika na zilizoliwa na watoto kabla hazijatoka nyumbani tuseme 1,000. Unabaki na 2,800 kwa siku, yaani 61,600 kwa mwezi, na hapo hujajilipa hata senti kwa kuamka usiku. Bei za kwako zikitofautiana na zangu, badilisha tarakimu, lakini usifute mstari hata mmoja.

Sasa hizo 240. Mauzo yatakuwa 96,000. Unga 40,000, mafuta 24,000, gesi 9,000, vikorokoro 2,000, zinazoharibika 2,000. Bodaboda abaki 4,000 kama kantini ni zilezile, jambo ambalo hukuniambia: je, kantini inayochukua 40 imekubali kuchukua 80? Msaidizi hapo atakuwa wa biashara kamili, si wa kuibia kwenye kazi za nyumbani, mweke 5,000 kwa siku. Jumla ni 86,000. Kinachobaki ni 10,000, sawa na 220,000 kwa mwezi. Ziko wapi 704,000? Halafu kuna saa. Chapati 240 kwenye vikaango viwili ni saa sita za moto, na ukitaka mzigo uwe kantini saa moja asubuhi utawasha jiko kabla ya saa saba usiku. Bila kuongeza majiko, hutakuwa umeacha kusinzia, utakuwa umehamisha mahali pa kusinzia.

Kwa hiyo usikimbilie kuongeza idadi. Anza na faida ya kila chapati, nayo inavuja sehemu tatu.

Kwanza, donge. Unga kilo 10, maji lita 6 na mafuta ya kukandia mililita 300 vinakupa unga uliokandwa wenye uzito wa kilo 16.3. Ukigawa kwa 120, kila donge ni gramu 135 hivi. Dada akikata kwa macho yakawa ya gramu 150, mnapata 108. Zile 12 zilizopotea ni shilingi 4,800, kwa unga uleule, gesi ileile na usingizi uleule. Nunua mizani ndogo ya jikoni, mpime kila donge kwa wiki mbili mpaka mkono uzoee, kisha mpime moja katika kila kumi. Usiende upande wa pili ukapunguza mpaka gramu 110. Mwenye kantini hataona siku ya kwanza, ila wateja wake wataona, na yeye hatakwambia, atabadilisha mpishi tu.

Pili, mafuta. Lita mbili ukitoa za kukandia zinabaki mililita 1,700, yaani mililita 14 kwa chapati, karibu kijiko kikubwa kizima. Vijiko viwili vya chai, mililita 10, vinatosha ikiwa kikaango kimepata moto vizuri kabla ya chapati ya kwanza. Moto ukiwa hafifu chapati hukaa muda mrefu, hukauka na kunywa mafuta, na ikifika saa sita mchana inakuwa ngumu. Hapo wengi huongeza mafuta wakidhani yatailainisha, kumbe kasoro ni moto, au unga uliokandwa mkavu na haukupumzishwa hata nusu saa. Na usizifunge zingali zinafuka mvuke, zitatoka jasho na zile za chini zitashikana. Ziache zipoe kidogo kwenye ungo, kisha zipange kwenye hotpoti yenye kitambaa safi. Mafuta ukiyashusha hadi lita moja na nusu unaokoa 3,000 kwa siku.

Tatu, na hapa ndipo penye pesa: bei. Unauza zote kwa 400 kwa sababu kantini inanunua kwa jumla na inataka nafasi ya kupata chake. Mlaji wa mwisho huko kwenu analipa 500 bila kunung'unika. Ukitoa 60 katika hizo 120 na kuziuza mwenyewe karibu na kituo cha daladala kati ya saa kumi na mbili na saa mbili asubuhi, unaongeza 6,000 bila kukanda hata donge moja zaidi. Rudi kwenye 2,800, ongeza 3,000 ya mafuta na 6,000 ya bei: ni 11,800 kwa siku, 259,600 kwa mwezi. Umeipita ile faida ya chapati 240, ukiwa bado na 120. Ukiongeza chai ya rangi kwenye chupa mbili utaongeza tena kidogo, ila chai ina vikombe vya kuosha na maji ya kubeba, kwa hiyo isubiri.

Najua utaniuliza utauzaje saa moja asubuhi kituoni wakati saa mbili unatakiwa mezani kwako. Ndiyo maana nataka utumie likizo. Sheria ya kazi ya Tanzania Bara inampa mwajiriwa likizo ya mwaka isiyopungua siku 28 mfululizo, yenye malipo. Ndani yake mna siku za kazi 20, mwezi karibu mzima wa biashara, huku mshahara ukiingia. Mwajiri ana sauti katika kupanga tarehe, kwa hiyo omba mapema. Kabla ya hapo soma mkataba wako uone kama una kifungu kinachokataza biashara ya pembeni.

Katika likizo hiyo biashara isiguse mshahara. Iwe na mtungi wake wa gesi, laini yake ya simu ya kupokelea malipo, na daftari lenye mistari yote niliyokuandikia hapo juu. Unga wa watoto wa nyumbani usitoke kwenye mfuko wa biashara, na ukitoka uandikwe kama mauzo. Wiki ya kwanza pika 120 zilezile, nusu kantini, nusu uuze mwenyewe kituoni. Wiki ya pili fanya hivyohivyo, kwa sababu wiki ya kwanza marafiki watanunua kwa huruma. Wiki ya tatu panda hadi 180, na kama kituoni zinaisha kabla ya saa mbili, wiki ya nne jaribu 240. Hizo 240 zikiuzwa nusu kwa 400 na nusu kwa 500, na mafuta yakiwa lita tatu badala ya nne, ile 10,000 inakuwa 28,000 kwa siku, 616,000 kwa mwezi. Hapo ndipo biashara inapoanza kuukaribia mshahara. Wastani wa wiki ya nne ukiwa chini ya 25,000 baada ya kutoa kila kitu, rudi kazini, endelea kurekebisha, ujaribu tena likizo ijayo.

Na hata hizo 616,000 si sawa na mshahara wako. Kwa mshahara wa 740,000, mwajiri akichangia asilimia 10 na wewe 10, NSSF, mfuko wako wa hifadhi ya jamii, inapokea 148,000 kila mwezi. Pensheni ya uzeeni inahitaji michango isiyopungua miezi 180, nawe una kama 70. NSSF inapokea pia wanaojiajiri, lakini hapo utachangia peke yako, na kama huweki kwenye hesabu ya siku hutachangia kabisa, nawajua wapishi. Kama bima ya afya ya familia inapitia ofisini, ujue nayo itakatika.

Kodi pia. Mauzo yako ya sasa, 48,000 kwa siku 22 kwa miezi 12, ni zaidi ya shilingi milioni 12 na nusu kwa mwaka. Asiyetozwa ni yule ambaye mauzo yake hayazidi milioni 4. Na kodi ya makadirio ya mfanyabiashara mdogo huangalia mauzo, haiangalii faida, jambo linalowaumiza wenye faida nyembamba kama ya chapati. Nenda TRA, mamlaka ya mapato, uchukue TIN ya biashara, yaani namba ya mlipakodi, uliza utakadiriwa kiasi gani, gawa kwa siku za kazi, uongeze mstari kwenye daftari. Halmashauri watakudai leseni, na bwana afya atataka wewe na msaidizi mpime afya. Afadhali uende wewe kuliko aje yeye saa moja asubuhi foleni ikiwa ndefu.

Ile kantini yenye deni la wiki tatu: chapati 40 kwa 400 kwa siku 15 ni 240,000. Hiyo ni karibu faida yako halisi ya miezi minne, imelala kwa mtu mmoja. Simamisha kumpelekea kesho. Mwambie kwa adabu kwamba mzigo utaendelea akilipa nusu, na iliyobaki mwandikiane tarehe. Wale wawili wengine wape mkopo wa wiki moja tu, Ijumaa kwa Ijumaa, na kila mzigo uwe na sahihi ya aliyepokea. Usione haya. Muuza unga hakukopeshi wiki tatu.

Ofisini sasa. Kunyimwa nafasi kunauma, na una haki ya kumuuliza bosi ana kwa ana ulipungukiwa nini. Uliza wakati hujasinzia. Oda zipokelewe kabla ya saa mbili na baada ya saa kumi na moja, katikati simu ya biashara izimwe. Onyo la mdomo likifuatiwa na la maandishi, utaondoka kwa tarehe aliyochagua bosi, huku mkopo wako ukiwa haujaisha. Kuhusu mkopo huo, mshahara ukikatika benki haisamehe, na deni lililobaki ni 720,000. Miezi minane ndiyo kalenda yako ya kawaida ya kuondoka, labda faida ikusaidie kuumaliza mapema.

Siku ikifika, andika notisi. Anayelipwa kwa mwezi hutoa siku 28, na ukigoma kufanya kazi siku hizo mwajiri anaweza kukata malipo yake kwenye haki zako. Dai malipo ya likizo ambayo hukuichukua, pamoja na cheti cha utumishi. Kiinua mgongo usikihesabu kwenye mtaji: kisheria hulipwa pale mwajiri anapositisha ajira, si pale mfanyakazi anapoondoka mwenyewe.

Mumeo usimpelekee ndoto, mpelekee daftari la siku 20 za likizo. Akilisoma mtabishana juu ya bei ya mafuta, na huo ni ubishi mzuri zaidi kuliko mlionao sasa. Likizo ikiisha niandikie tena. Nitataka wastani wa wiki ya nne, na kama yule wa wiki tatu amelipa.

Shangazi