Nyumba Mombasa: Uliza Ardhi, Maji na Njia Kabla ya Bei

Wiki hii dada mmoja anayefanya kazi Ghuba ameniandikia. Ameweka akiba, na kakake ameshamtafutia mali tatu achague: nyumba ya Kiswahili Majengo, fleti Nyali, na ploti ng'ambo ya daraja la Mtwapa. Anauliza achukue ipi, na kaka anamhimiza atume pesa kabla mnunuzi mwingine hajatokea. Dadangu, usitume hata shilingi kwanza. Nakujibu hapa kwa kuwa wenzako wengi wako papo hapo ulipo, na inaniuma kuona jasho la mtu likipotea kwa jambo ambalo karatasi moja ingelionyesha.

Nianze na Majengo, maana bei yake ndiyo inayovutia zaidi. Nyumba nyingi za huko, na za Kisauni na Likoni pia, ni nyumba bila ardhi. Kuta, bati na vile vyumba vinavyotazamana ukumbini ni mali ya mwenye nyumba. Udongo ulio chini ni wa mtu mwingine, naye hulipwa kodi ya ardhi. Mpango huu ni wa jadi hapa Pwani na watu wamezaliwa na kuzeeka ndani yake, kwa hivyo siudharau. Lakini ujue unachonunua. Benki haitaipokea nyumba hiyo kama dhamana kwa wepesi. Ukitaka kuongeza ghorofa, itakubidi uombe ridhaa ya mwenye ardhi. Na ardhi ikiuzwa, mwenyewe mpya anaweza kukutaka uvunje uondoke, na hapo ndipo kesi za miaka zinapozaliwa. Ukiamua kununua hivyo hivyo, dai risiti za kodi ya ardhi, kisha mwenye ardhi mwenyewe au wakili wake aandike kwamba anakutambua wewe badala ya muuzaji. Akikosekana wa kuandika, iache, hata kama bei ni ya kutupa.

Ploti ya Mtwapa ina maswali mengine. Mtwapa iko Kaunti ya Kilifi, kwa hiyo ramani za ujenzi na kodi ya ardhi ya kaunti ni za Kilifi, si Mombasa. Kama ploti imekatwa kutoka shamba la kilimo, mauzo yanahitaji idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi. Bila idhini hiyo mauzo ni batili kisheria, hata kama ulilipa mpaka senti ya mwisho. Makubaliano yaliyogongwa muhuri wa chifu si hati miliki. Yanathibitisha tu kwamba watu wawili walikaa kwa chifu wakaongea. Peleka mpimaji aliyesajiliwa aonyeshe bikoni zote, yaani alama za mpaka, kwenye pembe za ploti na kuzilinganisha na ramani. Bikoni moja ikikosekana, mpaka wako ni maneno ya jirani.

Kwa fleti ya Nyali, uliza kama ina hati yake yenyewe. Sheria ya 2020 ya umiliki wa sehemu za majengo inaruhusu kila fleti kuwa na hati. Kisha uliza ada ya huduma ni ngapi kwa mwezi na inalipia nini: lifti, jenereta, ulinzi, maji? Halafu kakako asimame chini ya roshani atazame juu. Akiona mstari wa kutu unaochuruzika kwenye saruji, au vipande vilivyobanduka na chuma kikionekana, chuma cha ndani kimeanza kuliwa na chumvi. Upepo wa bahari hufanya hivyo, na mchanga wa ufuoni uliochanganywa kwenye zege hufanya haraka zaidi. Kupaka rangi juu yake ni kuficha ugonjwa.

Ukinunua ili kukodisha kwa wageni wa likizo, piga hesabu ya Mei kabla ya hesabu ya Desemba. Desemba na Pasaka hujaza nyumba. Mei ni mvua ya masika, na ada ya huduma haipumziki. Mimi ningependelea wapangaji wa mwaka mzima. Vyumba vya wanafunzi Tudor, karibu na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, au vya wafanyakazi wa bandari Changamwe na Mikindani, havina fahari ya Nyali lakini kodi huingia. Kodi ya mapato ya upangaji, kwa mkazi wa Kenya anayepokea kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka, ni asilimia 7.5 tangu Januari 2024. Iingize kwenye hesabu.

Sasa maji, ambayo kwangu yanatangulia mandhari ya bahari. Maji ya mfereji Mombasa huja kwa zamu. Watu watano wakitumia mitungi mitatu ya lita 20 kila mmoja, ni lita 300 kwa siku. Tangi la lita 1,000 litaisha siku ya nne. Uliza mfereji hutoka siku zipi, na uwaulize wapangaji, si dalali. Kama ni maji ya kisima, osha mikono kwa sabuni: isipotoa povu, ni ya chumvi, na utanunua ya kunywa na kubadilisha mifereji kila mara. Uliza pia shimo la choo la jirani liko umbali gani na kisima hicho.

Njia ijaribiwe Jumatatu saa moja asubuhi, si Jumapili. Anayelala Bamburi au Kisauni na kufanya kazi kisiwani ataonja foleni ya daraja la Nyali kila siku. Likoni, mtembea kwa miguu huvuka feri bure, gari hulipa na kungoja. Barabara ya Dongo Kundu, inayofika kusini bila kupanda feri, huwafaa wa Miritini na uwanja wa ndege. Kwa mtu wa katikati ya mji ni mzunguko mkubwa.

Kwa hiyo, dadangu, mwambie kakako akutumie picha ya hati ya ile fleti, na ya ploti pia, nambari isomeke. Ukiona MN kwenye nambari hiyo ni Bara Kaskazini (Mainland North), MS ni Bara Kusini (Mainland South). Ajiri wakili wako mwenyewe, asiwe wa muuzaji, afanye upekuzi rasmi kwa msajili wa ardhi: jina la mmiliki, rehani, zuio. Malipo ya kwanza kwa kawaida ni asilimia 10, na yapitie akaunti ya wakili. Tayarisha asilimia 4 nyingine ya ushuru wa stempu, kwa mali ya mjini. Kama kakako atatia sahihi kwa niaba yako, mpe hati ya uwakala ya ununuzi huo mmoja tu, uliyoitia sahihi ubalozini, na mkataba uandikwe kwa jina lako na nambari yako ya PIN ya mlipa kodi.