Gesi ya Mnazi Bay haihusiani na bei ya petroli

Mkuu umeuliza mbona petroli haishuki bei wakati Mtwara tuna gesi ya Mnazi Bay. Hapana mkuu, hata gesi yetu ingekuwa mara mbili petroli isingeshuka. Ile ni gesi asilia, inasafishwa kwenye kiwanda cha Madimba hapa Mtwara inaingia bombani kwenda Dar kuzalisha umeme, ila petroli tunayotia kwenye bodaboda yote inakuja na meli kutoka nje, Tanzania haina kiwanda cha kusafisha mafuta ghafi kinachofanya kazi, kile cha TIPER Kigamboni siku hizi ni matenki ya kuhifadhia tu. Bei ya kikomo, yaani ya juu kabisa ambayo sheli inaruhusiwa kuuza, inatangazwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, wilaya kwa wilaya, ndo maana Liwale kule Lindi wanalia kuliko wa Mtwara mjini, nauli ya lori imo humo humo. Mafuta yakikosekana bandarini kwetu Mtwara lori linatoka Dar, hapo ndo foleni.

Piga *152*00# uone ya wilaya yako halafu linganisha na bango la sheli. Ila hiyo ni ya sheli, wale wanaouza petroli kwa chupa za maji za lita moja na nusu kwenye meza wanajipangia wenyewe, na mafuta yakiadimika utawakoma.