Korea Kusini haikutajirika kwa soko huria
Wapo wanaosema Korea Kusini ilitajirika kwa soko huria. Hapana mkuu, soko huria sio lililoitoa kwenye umaskini, serikali ilishika usukani karibu kila kona. Jenerali Park Chung-hee aliingia madarakani kwa mapinduzi 1961, mwaka huohuo akazirudisha benki mikononi mwa serikali, na toka hapo mkopo wa riba nafuu ulikuwa unaupata kama kiwanda chako kinauza nje na kinafikisha malengo, ukizembea unakatiwa. Angalia kiwanda cha chuma cha Pohang, Benki ya Dunia walisema hakitalipa, wafadhili wa nje wakajitoa, Park akachukua sehemu ya hela zilizotoka Japani kwenye mkataba wa kurudisha uhusiano wa 1965 akakijenga hivyohivyo, 1973 kikaanza kutoa chuma na baadae kikawa kati ya vikubwa kabisa duniani. Magari pia, ya nje yalizuiwa mpaka 1987 huko, Hyundai wakapata muda wa kujifunza kutengeneza ya kwao. Hii tulisoma chuo kwenye uchumi wa maendeleo, na inaniuma nikiona bado watu wanafundishwa eti walifungua tu mipaka mambo yakajipa.

Ila usiichukue kama fomula ya kukopi, ardhi ilishagawiwa kwa wakulima toka 1950 hivi, msaada wa Marekani ulikuwa mkubwa, na wafanyakazi waliumizwa sana, vyama vyao vilikandamizwa na masaa ya kazi yalikuwa ya kinyama, hilo wanaomsifia Park huwa hawalitaji.