Aliyeshika simu

Mhariri, swali lenu la wiki hii ni kwamba kijana aliyepata umaarufu mapema akiuacha ili ajitafute, je, anajipata kweli? Ninyi mmeuliza habari za staa. Mimi najibu kwa upande wa mdogo wake.

Mwishoni mwa 2015 binti wa Australia mwenye miaka 18, Essena O'Neill, aliyekuwa na wafuasi zaidi ya nusu milioni Instagram, alifuta picha zake karibu 2,000. Nyingine alizibakiza, akazibadilishia maelezo. Alieleza kwamba kuna gauni alilolipwa dola 400 ili tu aonekane nalo. Chini ya picha yake ya bikini akaungama kuwa alipigwa picha zaidi ya 100 mpaka tumbo likae vizuri, siku yenyewe hajala cha maana, huku akimfokea mdogo wake aendelee kupiga hadi yeye aridhike.

Watu wakazungumzia tumbo. Mimi nikabaki na huyo mdogo mtu.

Kwetu mpiga picha nilikuwa mimi. Dada alikuwa kidato cha tatu, na mtaani hata wasiojua jina lake walijua vilemba vyake. Kila jioni jua likipoa napanda juu ya ndoo iliyopinduliwa uani, nimpate kutoka juu. Kutoka chini, alisema, namwongezea kidevu. "Umetikisika. Piga tena." Chai inapoa. Mama akipita na beseni la nguo anaambiwa apishe kidogo. Mama, kwenye uwanja wake mwenyewe! Na alikuwa anapisha.

Basi jibu langu ni ndiyo, anajipata, ila si siku ile anayotangaza. O'Neill alipoacha tu, akajirekodi akilia kwamba kodi ya nyumba imemshinda, akaomba msaada. Wapo waliomcheka, wapo waliosema zote hizo ni kiki. Sikuona cha kuchekesha. Zile picha ndizo zilizokuwa zikimlisha, na mtu aliyeacha kazi bila akiba analia hata kama hajutii kuacha. Kwangu alianza kujipata alipomtaja mdogo wake, maana hapo kwa mara ya kwanza alitazama upande wa pili wa simu, akaona kuna mtu amesimama.

Dada yangu hakutangaza chochote, wala hajawahi kuniomba radhi, na sidhani kama anakumbuka. Alikuwa amebakiza wiki chache afanye mtihani wa kidato cha nne. Jioni hiyo alitoka ndani kichwa wazi, amejifunga khanga ya Mama, akanikuta nimeshapanda nangoja. Akaniambia nishuke. Akaigeuza ile ndoo, akaenda nayo bombani.

Mdogo mtu, Tanga