Msiwapeleke watoto bustanini siku ya sikukuu

Wiki jana mama mmoja wa mtaa wa Kaptembwa aliniandikia ujumbe saa tano za usiku. Jumatatu ya Pasaka aliwapeleka watoto wake watatu Nyayo Gardens, hapa mjini Nakuru. Alikuwa akiweka akiba tangu Februari, shilingi mia leo, mia kesho. Kufikia saa nane mchana shilingi 2,300 zilikuwa zimekwisha: picha, kuchorwa uso, aiskrimu, baluni, dakika kumi kumi za kuruka kwenye kasri la upepo. Saa tisa mvua ikapiga. Wakarudi nyumbani wamelowa, wadogo wakilia, na kifungua mimba wake akamwambia, "Mama, hata hatujacheza." Akaniuliza, "Dada, nilikosea wapi?"

Ujumbe huo ulininyima usingizi, kwa sababu na mimi niliwahi kurudi kutoka bustani ileile nikijiuliza swali lilo hilo, tena mimi nilikuwa na sababu nzito zaidi.

Mimi ni fundi wa nguo. Nina cherehani mbili kwenye kibanda changu Langa Langa, na nina watoto watatu, wasichana wawili na mvulana. Nataka niwarudishe Desemba 2021. Wenyeji mtakumbuka ilikuwa Desemba ya namna gani. Tarehe mosi tulipewa hati ya kuwa jiji, la nne Kenya baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Kafyu iliyotufungia milango tangu Machi 2020 ilikuwa imeondolewa tarehe 20 Oktoba, na shule zilifungwa wiki ileile ya Krismasi. Watoto walikuwa kama ndama waliofungwa kamba fupi muda mrefu. Kila mzazi niliyemjua aliapa kwamba Krismasi hiyo atawatoa.

Nikaamua wangu watatoka wakiwa wamependeza kuliko wote. Nilikesha siku nne nikishona. Magauni mawili meupe ya lesi, mikono ya puto, mkanda wa satini nyuma, na shati jeupe la mvulana lenye kola ya Kichina. Najua kazi yangu, na kazi ile ilikuwa nzuri, mpaka leo nina wateja walionijia kwa sababu ya picha za siku ile. Lakini fikirini: nyeupe, Nakuru, mji ambao jina lake lenyewe limetokana na neno la Kimaasai la mahali pa vumbi. Tangu tuliposhuka matatu kazi yangu ilikuwa moja. Usikae chini. Usiguse hapo. Simama wima tupigwe picha. Watoto walifika kwenye nyasi baada ya miaka miwili ya kufungiwa, na mama yao akawakataza nyasi.

Tulikuwa na wifi yangu, aliyekuja kutoka Nairobi na wanawe wawili. Watoto watano kwa jumla. Watu walikuwa wamejaa hadi hujui mguu uweke wapi. Mpiga picha alitufuata, nikamwambia apige nne, akapiga kumi na mbili na kuzichapisha zote, kisha akadai shilingi mia kwa kila moja. Tukaanza kubishana. Nilibishana naye labda dakika tano, nimempa watoto mgongo. Nilipogeuka nikahesabu vichwa. Walikuwa wanne.

Aliyekosekana ni binti yangu wa pili. Alikuwa na miaka mitano.

Sitawapa kila dakika ya ile nusu saa, siwezi. Nitawaambia jambo moja tu, kwa sababu lina faida kwenu. Kila mtoto wa kike siku ile alikuwa amevaa gauni jeupe. Nilishika mabega ya watoto wa watu mara tatu, nikiwageuza, na kila mara uso haukuwa wa kwangu. Nguo niliyomshonea ili aonekane ndiyo iliyomficha.

Tulimpata ukingoni mwa bustani, ameketi juu ya ndoo iliyofunikwa, nyuma ya beseni la mama mzee anayeuza njugu karanga. Alikuwa amemfuata muuza baluni. Gauni lilikuwa na vumbi mpaka kiunoni, na mkononi alikuwa na njugu. Nikarukia kumbeba. Yule mama akanizuia kwa mkono.

"Wewe ni nani yake?"

"Ni mwanangu, shosho. Ni mtoto wangu."

"Mwambie yeye aseme."

Binti yangu aliposema "Mama" na kunyoosha mikono, ndipo aliponiachia. Kisha akanieleza polepole, bila kunifokea, na upole ule ndio ulionivunja. "Nimemuuliza mama yako anaitwa nani, akaniambia anaitwa Mama. Nimemuuliza mnakaa wapi, akaniambia kwetu. Watu wawili wamekuja hapa wakasema ni wao. Nimewakatalia."

Watu wawili. Mpaka leo nikiwa kwenye cherehani maneno hayo hunijia na mguu unasimama juu ya pedali.

Jioni, nyumbani kwa mama mkwe, sahani ya pilau ikiwa mbele yangu, wifi yangu alisema mbele ya watu wote, "Wengine huzaa, wengine hulea." Hakuna aliyemjibu. Baba watoto alitazama sahani yake. Baadaye wifi aliniletea leso, na najua ilikuwa njia yake ya kuomba radhi, nami nilimshukuru. Doti hiyo iko kabatini, haijakatwa. Nikiwa tayari nitaikata.

Baada ya hapo sikukanyaga bustani mwaka mzima na zaidi. Watoto walicheza kwenye korido ya ploti mpaka msimamizi akawafukuza, kisha wakarudi kwenye televisheni. Niliita hiyo usalama.

Aliyenirudisha ni binti yangu mwenyewe. Februari 2023, asubuhi ya Jumamosi isiyo na kitu, aliniuliza, "Mama, shosho wa njugu bado yuko?" Mimi nililolibeba kama jinamizi, yeye alilibeba kama siku aliyopata shosho mpya. Nikafunga kibanda. Nikawavalisha fulana za kawaida, kaptura na malapa, tukapanda matatu, tukafika saa tatu na nusu.

Sikuamini ilikuwa bustani ileile. Wazee wawili wakisoma gazeti. Wanafunzi wa chuo na madaftari yao. Nyasi zote za kwetu. Watoto wangu walisimama kwanza wakinitazama, wakisubiri makatazo. Nilipokaa kimya, mvulana akavua malapa. Kwa saa mbili walikimbizana, wakafuata msafara wa sisimizi kutoka shina la mti mpaka kwenye ganda la ndizi, wakakusanya maganda makavu ya jakaranda wakayafanya pesa. Nilitumia nauli, na shilingi 40 za njugu. Shosho alikuwepo. Alimtambua binti yangu kabla hajanitambua mimi, akamwambia, "Umekua."

Tangu siku hiyo tunakwenda Jumamosi moja na kuacha moja, na muhula ukifungwa tunakwenda kila Jumamosi. Ninaandika nyuma ya daftari la oda za wateja, na juzi nilihesabu: mara 61. Nasema hivi kwa fahari, sitaificha. Mtoto wangu yule, ambaye mwalimu wa chekechea aliniambia hazungumzi, leo ana miaka tisa na ndiye anayewasalimia wauzaji wote, mmoja mmoja, na wao humuuliza habari za shule.

Sasa dada yangu wa Kaptembwa, nikujibu. Ulikosea siku. Mapenzi yako kwa watoto hayana dosari hata kidogo. Siku ya sikukuu bustani ni soko, na mtoto wako ndiye mteja anayevutwa mkono. Kila unachokiona kimeletwa siku hiyo kwa ajili ya mfuko wako. Mtoto hapati nafasi ya kucheza kwa sababu kila hatua tatu kuna kitu cha kulilia. Nenda siku ya kawaida. Kama huna Jumamosi, nenda siku yoyote ya likizo asubuhi, lakini iwe siku ya kawaida.

Na nenda mapema. Miezi hii ya masika, Machi mpaka Mei, asubuhi zetu mara nyingi ni safi na mvua huja mchana, saa nane, saa tisa. Ukifika saa tatu, saa sita mmeshiba mchezo na mko njiani. Usidanganywe na baridi ya asubuhi pia. Nakuru iko juu, mita 1,850 hivi kutoka usawa wa bahari, na jua la huku huunguza mtoto huku upepo ukimdanganya. Kofia ni muhimu kuliko sweta. Nguo ziwe zile ambazo zikichanika hutalia.

Chakula beba cha nyumbani: chapati, mayai ya kuchemsha, ndizi, maji ya kutosha. Mle chini ya matawi, msile katikati ya uwanja wazi. Mwewe wa mjini wamezoea mikono ya watoto. Mmoja alishuka akamnyang'anya mvulana wangu chapati na kumwachia mkwaruzo kwenye kidole gumba, na kwa majuma mawili mtoto alikula akiangalia juu. Uwe na sarafu za choo. Mengine utayajua ukifika.

Lakini kuna moja sitalipita haraka. Mfundishe mtoto jina lako. Jina lako halisi, lile lililo kwenye kitambulisho, pamoja na mtaa wenu na namba ya simu. Tunawafundisha watoto rangi na wanyama kwa lugha mbili, halafu mtoto wa miaka mitano hajui mama yake anaitwa nani! Mimi nilizitungia namba zangu wimbo mdogo, tunauimba tukipanda matatu. Mpaka aukariri, andika namba kwa kalamu ya wino mkononi mwake, upande wa ndani wa mkono ambapo jasho halifuti haraka. Na mtoto akipotea, muuzaji aliyekaa mahali pamoja miaka yote ndiye umwendee kwanza, na ndiye umfundishe mtoto kumwendea. Huyo hahami. Anajua nani ni mgeni.

Hapo ndipo ilipo siri yote ya kwenda siku za kawaida. Ukienda mara moja kwa mwaka, wewe na watoto wako ni wageni katikati ya wageni. Ukienda mara kwa mara, kuna macho yanayowajua. Wazee walisema mkono mmoja haulei mwana, na mimi mikono mingine niliikuta pale, nyuma ya beseni la njugu.

Wazazi wenzangu, wengi wetu tukisikia neno paki hapa Nakuru tunawaza faru na heroe wa kule ziwani, kiingilio kwa kila kichwa na gari la kukodi, basi tunakata tamaa kabla ya kuanza. Watoto wetu wanaishi vyumba viwili kwenye ploti ambako ukutani pameandikwa mpira ni marufuku. Wapi watakimbia? Kenya iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa mwaka 1990, na kifungu cha 31 kinataja wazi haki ya mtoto kupumzika na kucheza. Haki hiyo hailetwi mlangoni, lazima mzazi avae viatu.

Na bustani isiyo na watu ina maadui. Mwaka 1989 mtetezi wa mazingira Wangari Maathai alisimama kupinga jengo la ghorofa 60 lililokusudiwa kujengwa ndani ya Uhuru Park kule Nairobi. Alikejeliwa hata bungeni, na jengo halikujengwa. Kila nikiwaona wanangu wamelala chali chini ya jakaranda, namfikiria. Kipande cha nyasi katikati ya mji ni mali ghali sana, na ninaamini kwa moyo wote kwamba watakaokitetea kesho ni wale waliokichezea leo. Hata kama mtaani kwenu ni kiwanja kidogo chenye mti mmoja, kiendeeni. Siku ya kawaida. Tena na tena.

Dada wa Kaptembwa, Jumamosi hii tutakuwepo kuanzia saa tatu, upande wa shosho wa njugu. Wavalishe nguo za kuchafua, na usije na zaidi ya nauli na mia moja. Mlete yule mkubwa wako aliyesema hakucheza. Binti yangu amenituma nikwambie atamfundisha kutunga wimbo wa namba.