Mkono Usiosita: Kwa Wanaoanza Kazi ya Kutunza Chatu

Nyinyi mnaoingia kazini leo katika banda letu hapa kusini mwa Unguja hamtakabidhiwa yule chatu mkubwa ambaye wageni humbeba mabegani wakapiga picha, bali chatu mchanga mwenye urefu wa kiasi cha sentimita 60, na nawaambia mapema kwamba huyu mdogo ndiye atakayewauma.

Ana sababu zake. Tangu anapoanguliwa, kunguru, kipanga, kenge na nguchiro wote humwona kitoweo, kwa hiyo chochote kinachomshukia kutoka juu hukihesabu kuwa ni adui, na mkono wako unaoingia kupitia kifuniko cha sanduku hauna tofauti na kucha za kipanga.

Siku yangu ya kwanza nilimkuta amekunja shingo mfano wa herufi S, anapumua kwa sauti. Nikanyoosha mkono, nikasita, nikaurudisha, nikaunyoosha tena. Aliponirukia niliuvuta kwa nguvu, na kwa kuwa meno ya chatu yamepinda kuelekea kooni, kilichonichana zaidi ni kule kuvuta kwangu. Chatu hana sumu. Nilijiosha kwa maji na sabuni, nikaendelea na kazi. Hata hivyo, kwa muda wa wiki mbili nilikuwa kama yule aliyeumwa na nyoka akishtushwa na ung'ongo, na kila niliposita aliniuma.

Basi wiki ya kwanza msimguse kabisa. Mpeni kigae cha chungu cha kujificha, bakuli la maji, na upande mmoja wa sanduku wenye joto la nyuzi 30 au zaidi kidogo, kisha msubiri mpaka ale. Baada ya hapo nawe mikono yako osha kwanza ili isinuke panya, kwani pembezoni mwa midomo yake mna vishimo vinavyohisi joto, na kitu chenye joto kinachonuka panya na kutikisika mbele ya uso wake atakichukulia kuwa ni chakula. Mguse taratibu kwa kijiti chenye kulabu katikati ya mwili, ajue kwamba kifuniko hakikufunguliwa kwa ajili ya kumlisha. Kisha pitisha mkono kwa ubavuni, chini, umuinue kwa mikono miwili bila kusimama njiani na bila kumshika kichwa. Upole si uzembe: mkono unaokwenda polepole lakini haurudi nyuma humtuliza kuliko mkono wa haraka wenye woga.

Wapo wanaovaa glavu nene. Mimi sizipendi, kwa sababu zinakunyima kuhisi misuli yake inavyokaza kabla hajaruka.

Kaa naye mkekani dakika tano tu, umwache apite kutoka kiganja hadi kiganja, na umrudishe akiwa ametulia. Kwa nilivyoona, ukimrudisha pale anaporuka atajua kwamba kuruka ndiko kunakomrejesha kwake. Macho yakiwa na ukungu mweupe, anakaribia kujivua gamba na haoni vizuri, basi mwacheni. Vilevile akishika mlo tumboni asibebwe kwa muda wa siku mbili, asije akautapika. Siku ya panya kwetu ni Jumatatu. Mpaka Alkhamisi kifuniko kifunguliwe kwa ajili ya maji tu.